Gogo Lililotupwa na Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno "Driftwood" na Matumizi Yake Mombasa

Neno "driftwood" lina maana gani hasa?

Ni neno la Kiingereza lililoungwa kwa maneno mawili: la kwanza lina maana ya kuchukuliwa na maji au upepo, na la pili ni mti kama mali ghafi. Ukiyaweka pamoja unapata mti wowote, uwe gogo, tawi, kisiki au kipande cha ubao, ulioingia majini, ukachukuliwa na mkondo na mawimbi bila kuongozwa na mtu, na sasa ama bado unaelea ama umetupwa ufuoni.

Kiini cha maana ni ile safari. Mvinje ulioangushwa na upepo pale Bamburi ukalala palepale ulipoota haujawa driftwood, hata kama umekauka na kuwa mweupe kama mfupa. Bamvua likija likaung'oa na kuutupa Shanzu, hapo jina linaufaa. Wala si lazima bahari ihusike. Gogo lililosombwa na Mto Tana likakwama kwenye kingo zake nalo huitwa hivyohivyo.

Kwa Kiswahili tuseme nini?

Hakuna neno moja lililokubalika na wote. Anayeng'ang'ania neno moja kwa kila mahali huishia kupotosha maana, kwa sababu Kiswahili hutaka kwanza ujue ni kitu gani kilichochukuliwa na maji, kisha useme maji yamekifanya nini.

Anza na nomino. Kiingereza hulitumia neno hili bila kuhesabu, lakini sisi tuna gogo na magogo kwa shina nene, tawi na matawi, kisiki na visiki, kijiti na vijiti, na ubao na mbao kwa kilichokwisha kupasuliwa kwa msumeno. Kosa linaloonekana mara nyingi katika tafsiri ni "mbao za bahari" kwa kila kitu. Ubao ni kazi ya msumeno. Mzizi wa mkoko uliokuja na maji haujawa ubao na hauwezi kuitwa hivyo.

Kisha chagua kitenzi. Likiwa bado majini, sema "gogo linaloelea" au "gogo linalochukuliwa na maji". Likiwa limetoka mtoni wakati wa mafuriko, "limesombwa". Likiwa ufuoni, "limetupwa na bahari". Likiwa limekwama mchangani baada ya maji kupwa, pwani tuna kitenzi kizuri kisichotumika vya kutosha: "limepwelewa", kama chombo kinavyopwelewa. Kitenzi hicho kimetoka kwenye "kupwa", palepale lilipotoka neno pwani lenyewe.

Kwa kichwa cha habari au jina la bidhaa, "gogo la pwani" ni fupi na linaeleweka. Kwa maandishi ya kisheria au ya kisayansi, andika kwa kirefu mara ya kwanza, "miti na magogo yaliyochukuliwa na maji", halafu uendelee na "magogo haya".

Mbao za jahazi zinazouzwa kama viti na fremu za picha, je, nazo ni driftwood?

Kwa kawaida, hapana. Hizo ni mbao zilizong'olewa kwenye chombo kikuukuu kilichovutwa nchi kavu na kuvunjwa na mafundi. Hazikuchukuliwa na maji. Maji yalibeba chombo kizima, si mbao hizo. Utazitambua kwa matundu ya misumari yaliyopangwa kwa mstari, mabaki ya pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao, kwenye kingo, na tabaka za rangi. Ubao wa jahazi lililovunjika baharini na ukaletwa na mawimbi ndio pekee unaostahili majina yote mawili.

Tofauti hii ina uzito wake dukani. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, yale mafuta ya samaki, miaka mingi, na zilizokuwa chini ya mstari wa maji zilipakwa deheni ya chokaa na shahamu. Gundi na vanishi hazishiki juu ya mafuta hayo mpaka uparuze hadi upate mti safi. Gogo la pwani halina mafuta. Shida yake ni chumvi.

Kwa nini Waingereza humwita mtu hivyo?

Ni sitiari ya mtu asiye na makao wala mwelekeo, anayepelekwa na maisha. Ukitafsiri "yeye ni gogo la pwani", msomaji wa Kiswahili ataona uvivu au uzito, kwa sababu gogo kwetu ni kitu kisichosogea. Afadhali "amekuwa kama gogo linalochukuliwa na maji", ambapo kitenzi ndicho kinachobeba maana. Methali yetu, "Ukiona vyaelea vimeundwa", inasifu jasho la aliyeunda chombo, na gogo hili ndilo kinyume chake hasa: laelea na halikuundwa na mtu.

Magogo yanayofika Mombasa hutoka wapi?

Chanzo cha karibu ni mikono ya bahari yenye mikoko: Tudor, Mikindani, Port Reitz na Mtwapa. Kingo zikiliwa na maji au mti ukifa, mizizi na mashina hutoka na maji yanayokupwa. Cha pili ni fuo zenyewe, ambako mivinje na minazi iliyopandwa karibu na maji huanguka mchanga unapoliwa chini ya mizizi. Cha tatu ni mito, na hapa msimu unaamua. Cha nne ni shughuli za bandari na vyombo: vipande vya pallet (vile vitako vya mbao vya kupangia mizigo), mbao za kuzuilia mizigo melini, nguzo za magati na mbavu za mashua.

Mkondo mkuu wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na kasi yake huongezeka wakati wa kusi. Ndiyo sababu kitu kilichoingia majini upande wa Tanga au Pemba chaweza kuonekana kwetu. Maji ya Mto Sabaki, ule ambao juu huitwa Athi na kisha Galana, humwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Wakati wa kaskazi upepo huyasukuma kusini, na hapo fuo za Malindi na Watamu ndizo hupata matope na magogo yake. Kusi likivuma, yote huelekea kaskazini.

Mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo huzuia magogo makubwa. Yanayopita hupitia kwenye milango ya mwamba, kwa hiyo utayakuta zaidi karibu na midomo ya mikono ya bahari kuliko katikati ya ufuo mrefu.

Siku gani ni nzuri kwenda kutafuta?

Siku mbili au tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3, na kilichotupwa kwenye mstari wa juu hubaki pale hadi bamvua lijalo, karibu wiki mbili. Nenda maji yakiwa yanapwa, ufuate mstari wa mwani mkavu. Wakati wa maji mafu utaokota vijiti tu.

Nitajuaje gogo limekaa majini muda gani?

Tazama walioabiri. Gogo lenye viumbe vidogo vya magamba meupe vinavyoning'inia kwa shingo laini ya kahawia, kama kucha mwishoni mwa kidole, limekaa bahari kuu kwa wiki kadhaa, kwa kuwa viumbe hivyo hushika vitu vinavyoelea mbali na nchi. Likiwa na chaza na magamba magumu yaliyobanana kama vilima vidogo, lilikuwa limesimama mahali pamoja, pengine nguzo ya gati au mti wa mkono wa bahari. Likiwa na gome, udongo kwenye mizizi au majani yasiyonyauka, ni la siku chache na halikutoka mbali.

Kingo zilizolainika kama zilizopigwa msasa ni kazi ya mchanga, na mchanga hufanya kazi ufuoni. Gogo laini sana huenda halikusafiri mbali, bali lilizungushwa miezi mingi mahali pamoja.

Nitatambuaje ni mti gani?

Rangi ya nje haitakusaidia, kwa sababu jua na chumvi huigeuza miti yote kuwa kijivu. Kata kipande cha sentimita 2 mwishoni, utazame ndani.

Mnazi hauna duara za ukuaji wala kiini. Utaona vitone vyeusi vingi vilivyobanana pembezoni na kuachana kuelekea katikati, ambako ni laini kama sifongo. Usitegemee katikati ya mnazi kushika skrubu. Mkoko una rangi nyekundu iliyoiva na uzito mkubwa; ukiloweka unga wake maji hugeuka mekundu kwa sababu ya tanini, ileile iliyofanya gome lake litumike kutengenezea ngozi. Mkoko mbichi huzama, hivyo ulioelea ulikuwa umekauka kwanza. Mvinje ni mzito na mgumu, na hupasuka kutoka katikati kama miale. Mkomafi una rangi ya kahawia nyekundu, na mafundi huupenda kwa sababu hukubali randa. Ubao mweupe na mwepesi wenye harufu ya utomvu ni msonobari, na karibu kila mara umetoka kwenye pallet au mizigo ya meli.

Je, gogo la ufuoni ni la yeyote aliyeliokota?

Usichukulie hivyo. Sehemu ya bahari ya Nyali, Bamburi na Shanzu imo katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, yenye eneo la hifadhi kamili la kilomita 10 za mraba na eneo la akiba la kilomita 200 za mraba linaloizunguka. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuondoa kitu cha asili bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nje yake, zungumza kwanza na BMU (Beach Management Unit), yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo huo. Wao ndio wanaojua wapi wavuvi hutumia magogo hayo kuegeshea na kuviringishia ngalawa, na ukibeba gogo hilo umewachukulia kifaa cha kazi.

Mikoko ni msitu wa serikali. Kipande kikavu kilichotupwa ufuoni ni jambo moja, na tawi ulilolikata kwenye mti uliosimama, hata kama unaonekana umekufa, ni jambo jingine kabisa. Usikaribie la pili bila leseni.

Ukikuta mbao zenye alama za meli, namba au sehemu ya chombo kilichovunjika, hiyo ni mali yenye mwenyewe. Iache na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, ambayo makao yake makuu yapo Mombasa. Huenda pia kuna watu wanaotafutwa.

Magogo gani yaachwe palepale?

Yaliyofukiwa nusu, na yaliyolala kwenye mstari ambapo majani na mitambaa ya ufuoni huanza kuota. Hayo hushika mchanga, na mchanga ukishikwa mbegu huota. Ukiling'oa moja unafungua njia ya upepo na wimbi, na baada ya misimu michache mvinje wa nyuma yake ndio unaofuata. Chini yake pia huishi kaa na wadudu wanaoliwa na ndege wa ufuoni.

Jihadhari na kasa. Hutaga katika fuo hizi karibu mwaka mzima, nao huchimba juu ya mstari wa maji. Ukiona njia pana ya makasia mchangani inayoishia kwenye shimo lililofukiwa, usichimbe, usiburute kitu juu yake.

Ushauri wetu ni kuchukua kilicholala huru kwenye mchanga mtupu na unachoweza kukibeba kwa mikono miwili. Kinachohitaji kamba na trekta kina kazi pale kilipo.

Kuna hatari gani?

Uzito ndio wa kwanza. Gogo la urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 40 lililonyonya maji lina kilo zipatazo 340. Likiwa kwenye ukingo wa maji, wimbi la kufika magotini linatosha kulizungusha, na anayekalia au kusimama upande wa nchi kavu huvunjika mguu. Watoto wasicheze juu ya gogo ambalo maji bado yanalifikia.

Pili ni dawa za mbao. Ubao wenye rangi ya kijani iliyofifia hadi ndani, si juu tu, huenda ulitiwa dawa yenye shaba na arseniki. Nguzo nyeusi yenye harufu ya lami ilipakwa kriosoti. Zote mbili zisichomwe, zisikatwe ndani ya nyumba na zisiguse chakula. Kwenye vipande vya pallet tafuta mhuri uliochomwa wenye picha ya suke la ngano: herufi HT zinasema ilitibiwa kwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, na MB zinasema ilitibiwa kwa gesi ya sumu. Yenye MB iache.

Tatu ni misumari iliyofichika. Pitisha sumaku pande zote kabla ya msumeno. Sumaku haishiki misumari ya shaba, kwa hiyo tafuta pia madoa ya kijani.

Kwa nini kila mtu husisitiza kutoa chumvi?

Kwa sababu ya hewa ya hapa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na gogo likikauka maji huondoka, chumvi hubaki. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu na kuyeyuka unyevu wa hewa unapofika asilimia 75. Mombasa hewa huwa karibu na kiwango hicho siku nyingi, na masika hukivuka. Ndipo watu huona meza yao "ikitoa jasho" asubuhi, vanishi ikivimba vilengelenge na skrubu zikishika kutu. Wengi humlaumu muuza vanishi. Kosa ni la maji ya kuloweka ambayo hayakubadilishwa.

Chumvi itolewe vipi?

Kwanza liache gogo lipigwe na upepo siku mbili, kisha ulisugue kwa brashi ngumu, si ya waya wa chuma, kwa sababu nyuzi za chuma hukwama na kuacha madoa meusi kwenye mti wenye tanini. Chimbua mchanga kwenye nyufa kwa kijiti cha mwanzi. Ondoa sehemu zilizooza: bisbisi ikizama zaidi ya milimita 5 kwa kusukuma kwa mkono, sehemu hiyo haina nguvu.

Loweka kwenye pipa la plastiki, gogo lote liwe chini ya maji, ukilibana kwa jiwe. Kwa kipande cha kilo 5 tumia maji yasiyopungua lita 50. Badilisha yote kila baada ya siku mbili. Kijiti cha unene wa kidole kitatosheka kwa siku 4 hadi 6. Kipande cha unene wa sentimita 10 hutaka wiki 2 hadi 3, na kilicho kinene zaidi hutaka hata wiki 5. Chumvi hutoka kwa kwenda penye maji matamu, hivyo maji yakishakuwa na chumvi kazi husimama. Kuacha gogo mwezi mzima kwenye maji yaleyale ni kupoteza mwezi.

Hapa ndipo Mombasa ina ugumu wake. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na kuloweka gogo humo ni kulirudisha baharini. Maji ya kununua kwa mkokoteni ni ghali: pipa la lita 100 ni mitungi mitano, na ukibadilisha mara saba ni mitungi 35. Njia ya busara ni mvua. Kinga maji ya bati wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, uloweke wakati huo, kisha ukaushe Januari hadi Machi kaskazi likiwa kavu. Kalenda hiyo haina gharama na inafanya kazi kuliko dawa yoyote.

Kujua kama imetosha, tumia kipimo kidogo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kile cha wanaouza vichujio vya maji. Pima maji kabla ya kumimina, pima tena baada ya saa 48. Namba ikiwa imepanda kwa chini ya 50, acha kuloweka. Usionje maji hayo.

Je, nitie klorini ya kufulia?

Kwa pambo la ukutani, ndiyo, kama kuna ukungu au harufu: nusu kikombe kwa lita 5 za maji, siku moja, kisha siku tatu za maji safi. Isizidi hapo, kwa sababu klorini hula kinachoshikanisha nyuzi na uso hubaki na manyoya yasiyokwisha kwa msasa. Usiichanganye kamwe na siki wala ndimu. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Na klorini haitoi chumvi. Ukiitumia, kuloweka kunabaki palepale.

Lina matundu mengi. Ni mchwa?

Tazama umbo. Tundu la kuingilia dogo kama kichwa cha pini, lakini ukikata ndani unakuta mfereji mpana kama kalamu, wenye utando mweupe mgumu kama ganda la yai: huyo ni mtoboaji wa baharini, ambaye kwa umbile ni jamaa ya kombe na chaza ingawa ana mwili wa mnyoo. Huingia akiwa mchanga sana na hukulia ndani, ndiyo maana ubao unaweza kuonekana mzima nje na kuwa sega la nyuki ndani. Mafundi wa majahazi walimpiga vita kwa kuchoma chini ya chombo kwa moto wa makuti maji yakipwa na kupaka deheni. Nje ya maji ya bahari hufa, kwa hiyo hatahamia kwenye samani zako. Lililobaki ni kuuliza kama mti una nguvu. Gongeni kwa nyundo ndogo: sauti ya ngoma ni dalili mbaya.

Matundu ya duara yanayodondosha unga mkavu ni ya wadudu wa nchi kavu, na gogo hilo limebunguliwa baada ya kutua. Hao huhama. Chemsha kipande kidogo saa moja, au kikubwa kipakwe dawa ya wadudu wa mbao na kifungwe ndani ya nailoni wiki mbili. Mchwa hujulikana kwa udongo wao.

Likaushwe vipi na kwa muda gani?

Kivulini penye upepo, juu ya vipande vya mbao viwili ili hewa ipite chini. Jua la mchana hukausha ngozi haraka kuliko moyo, na gogo hupasuka. Paka nta au rangi nzito kwenye vichwa viwili vya gogo, kwa kuwa unyevu hutokea huko kwa kasi zaidi. Lipime kwa mizani kila wiki. Uzito ukikaa palepale wiki mbili mfululizo, limekauka kwa kiwango cha hewa ya hapa, ambacho ni unyevu wa asilimia 14 hadi 16 ya uzito wa mti mkavu. Vijiti huchukua wiki 2 hadi 4. Gogo la sentimita 15 laweza kuchukua miezi 4.

Naweza kulitumia kama kuni za kuchomea samaki?

Usifanye hivyo. Klorini iliyo ndani ya chumvi, ikiungua pamoja na mti, huchangia kutengeneza daioksini, sumu zinazokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Moshi huo pia hula chuma cha jiko. Ule moto wenye ndimi za buluu na zambarau unaowavutia watalii hutokana na chumvi za bahari zilizo ndani ya mti. Kuni za samaki ziwe mti wa nchi kavu.

Nataka kutengeneza meza ndogo ya kioo. Nianzie wapi?

Chagua kisiki chenye angalau ncha tatu zinazofika juu, kipenyo cha chini sentimita 25 hadi 30, na kimo cha sentimita 45. Kisimamishe kwenye sakafu iliyonyooka jinsi unavyotaka kikae, ukikiwekea kabari. Chukua kipande cha ubao chenye unene unaozidi kidogo pengo kubwa kabisa lililo chini, weka kalamu juu yake, ukizungushe kisiki chote kikiacha mstari. Kata kwa mstari huo; meza haitayumba. Fanya vivyo hivyo juu kwa kupima kimo kimoja kutoka sakafuni kwenye kila ncha.

Msasa anza na namba 80, kisha 120, umalize na 180. Mchanga uliobaki kwenye mti humaliza meno ya msumeno, basi tumia wa zamani na uvae barakoa. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, au za shaba. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye mkoko hutoa doa jeusi ndani ya siku chache kwa sababu ya tanini. Gundi ya epoksi hushika vizuri kuliko gundi nyeupe ya mbao. Kwa umaliziaji, tabaka mbili nyembamba za mafuta ya kitani zikipishana saa 24, kisha nta. Matambara ya mafuta hayo yatandaze nje yakauke, kwa maana yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Kioo kiwe cha milimita 10 kwa upana wa sentimita 80, na vipande vya mpira juu ya kila ncha.

Na taa?

Tumia balbu za LED za volti 12, kigeuza umeme kikae mbali na mti. Mti wenye mabaki ya chumvi ukishika unyevu hupitisha umeme, na waya wa volti 240 uliochubuka ndani ya tundu la keekee utaufanya mti wote uwe hatari. Kama ni lazima kutumia umeme wa nyumba, waya upite ndani ya mpira mgumu mwanzo hadi mwisho na kazi ifanywe na fundi wa umeme.

Linafaa kwa tangi la samaki wa maji matamu?

Linafaa likiwa limetolewa chumvi mpaka kipimo kitulie, halijaguswa na klorini, rangi wala dawa. Chemsha saa 2, mwaga, rudia. Maji yatageuka rangi ya chai. Ni tanini, haiwadhuru samaki wengi, na hupungua kadiri unavyobadilisha maji. Likielea, lifunge kwenye kipande cha kigae au jiwe jeusi. Usitumie jiwe la matumbawe, kwa sababu chokaa yake hufanya maji kuwa magumu na samaki wengi wa mtoni huteseka.

Okidi je?

Zinapenda sana. Fuata masharti yaleyale ya chumvi, funga mizizi kwa uzi wa pamba, nyunyizia maji ya mvua.

Pambo lililokaa salama Mombasa limepasuka baada ya kupelekwa Nairobi. Kwa nini?

Hewa ya Nairobi ni kavu zaidi, na mti hupoteza unyevu tena hadi karibu asilimia 12. Mti husinyaa kwa upana, si kwa urefu, hivyo nyufa hufuata nyuzi na viungo hulegea. Kabla ya kusafirisha, likae mwezi mmoja ndani ya chumba kikavu, na ukifika lifunguliwe karatasi kidogokidogo kwa muda wa wiki mbili, mbali na dirisha la jua. Skrubu zinazoshika kioo au rafu zipewe tundu refu kidogo kuelekea upana wa mti, ili mti usinyae bila kuvuta. Ufa uliokwisha kutokea usijazwe mara moja: ngoja miezi mitatu upate kusimama, kisha ujaze kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mti uleule.